Uzi Umejaa Nyumba: Utatuzi wa Matatizo kwa Mfumaji wa Mtwara

Ukimwambia mtu wa Mtwara kwamba nyumbani kwako umejaa uzi wa sweta, swali lake la kwanza litakuwa: sweta la kumvalisha nani? Swali ni la haki. Januari, kaskazi inapovuma na jasho linatiririka hata ukiwa umekaa kivulini Shangani, hakuna mtu mzima anayeulizia sweta. Lakini sisi tunaofuma tunajua kwamba mtoto mchanga wa pwani huvalishwa sweta, kofia na soksi hata jua likiwa utosini, kwa sababu bibi yake kasema. Soko letu ni bibi. Shida ni kwamba bibi anataka sweta moja jeupe, na wewe una uzi wa kuvalisha wodi nzima ya wazazi, na mweupe haumo.

Wingi wa uzi hauji kwa sura moja. Yupo aliyenunua mno, yupo asiyemaliza kazi, yupo anayeletewa, na yupo ambaye uzi wake si mwingi hata kidogo ila umelala ovyo ukavimba. Kila mmoja ana tiba yake, na ukimpa huyu dawa ya yule kabati litajaa vilevile. "Acha kununua" ndiyo dawa inayotolewa na kila asiyefuma. Inamfaa mmoja tu kati ya hao wanne, naye hasikii.

Kabla ya dalili yoyote: toa, tandaza, pima

Chagua siku kavu, tandika mkeka sebuleni, toa uzi wote. Wote maana yake ni pamoja na ule wa uvunguni, ule wa kwenye salfeti nyuma ya mlango, ule wa begi la shangazi kaja juu ya kabati, na ule wa kwenye ndoo ambayo wageni wanadhani ina unga. Kama kuna mwingine uko kwa dada yako Ligula "kakutunzia tu", nenda kauchukue. Na usianze kufuma katikati ya zoezi. Hapo ndipo wengi hukwama: mtu anaokota donge la zambarau alilokuwa amelisahau, anasema ajaribu mstari mmoja aone linavyokaa, na adhuhuri inamkuta na kofia nusu mkononi, sebule haipitiki na mboga haijachambuliwa.

Pima kwa gramu. Kuhesabu madonge hakusaidii, kwa sababu lililokazwa linaonekana dogo na lililolegea linajaza kikapu. Kama huna mizani ya jikoni, mwenye duka mtaani atakupimia, mradi usiende jioni watu wanapopanga foleni ya sukari. Kwa uzi wa unene wa kati, ule ambao gramu 100 hutoa kama mita 300, makadirio yangu ni haya: kofia ya mtoto mchanga hula gramu 30 hadi 40, jozi ya soksi zake gramu 20 hivi, sweta la mtoto wa miezi 6 gramu 150, blanketi la kumfunikia gramu 350 hadi 400, sweta la mtu mzima gramu 400 hadi 600, kutegemea mwili wa mtu na jinsi mkono wako unavyokaza. Sasa gawanya. Ukikuta una kilo 9, hayo ni masweta 60 ya watoto. Hesabu wajawazito unaowafahamu, kisha uwe mkweli.

Hatua ya mwisho ya maandalizi ni kujua uzi umetengenezwa na nini, maana lebo nyingi zimeshapotea. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano juu ya sinia la bati lenye maji, mbali na uzi mwingine na mbali na watoto, kisha kiwashe kwa kiberiti. Sufu ya kondoo hunuka nywele zilizoungua, huwaka kwa kusuasua, mara nyingi huzimika yenyewe, na majivu yake husagika. Pamba hunuka karatasi, huwaka haraka na kuacha majivu laini ya kijivu. Akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha ushanga mgumu usiosagika. Usiuguse ukiwa moto. Uzi wa mchanganyiko hutoa dalili za mchanganyiko. Kazi hii ni ya dakika chache kwa kila donge, na huko mbele itakuokolea fedha, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita sufu dukani ni akriliki tupu.

Dalili: uzi ni mwingi, lakini hakuna unaotosha kazi moja

Hii ndiyo dalili kuu. Salfeti mbili zimejaa, anakuja mteja anataka sweta la kijani la mtoto wa darasa la kwanza, unapekua na kukuta kijani nane, kila moja donge moja, hakuna mbili zinazofanana. Unakwenda dukani kununua kijani ya tisa. Unaponunua unaona na njano nzuri.

Kusini tuna mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Wakaleta matrekta, wakaanza kujenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea, kabla hawajajua vizuri ardhi na mvua za huku zinasemaje. Kufika 1951 mpango ukaachwa. Bandari tunayo hadi leo, reli haipo, na karanga unajua mwenyewe. Anayenunua donge moja moja kwa sababu rangi imempendeza, bila kujua litakuwa nini, anaendesha mpango wa karanga uvunguni mwa kitanda.

Kipo na chanzo cha pili, ambacho si kosa la mnunuzi. Lebo ya uzi wa kiwandani hubeba namba mbili: moja ya rangi, nyingine ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, ambayo ndiyo loti. Rangi inaweza kuwa na namba ileile, lakini loti mbili zikitofautiana kidogo kwenye pipa la kiwandani, utaona mstari kifuani mwa sweta kama alama ya maji kupwa na kujaa. Dukani, chini ya taa, tofauti haionekani. Juani inaonekana, na mteja huja kuchukua kazi yake mchana. Kwa hiyo unaponunua, nunua uzi wa kazi nzima kwa mkupuo mmoja, soma loti kwenye kila lebo, na toka nalo donge nje kwenye mwanga kabla ya kulipa. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kwa yale ambayo tayari yako ndani, tiba zipo. Loti mbili zilizokaribiana zifume kwa kubadilishana: mistari miwili kutoka donge hili, mistari miwili kutoka lile, na mpaka kati yao utapotea machoni. Zilizoachana sana zitenganishe kwa makusudi, mwili rangi moja, mikono na ukosi rangi nyingine, ionekane ulitaka. Mabaki ya chini ya gramu 30 yapeleke kwenye kroshia: viraba vidogo vinavyoshonwa pamoja kuwa kitambaa cha kochi au blanketi. Shurti moja: viraba vyote vizungushiwe mstari wa mwisho wa rangi moja, nyeusi au nyeupe. Bila mstari huo, kitambaa chako kitaonekana kama meza ya mitumba saa ya kufunga.

Usichanganye pamba na akriliki kwenye kiraba kimoja. Pamba hurudi ikifuliwa, akriliki haitikisiki, na kitambaa kitajikunja pembe kama jani la mgomba.

Dalili: sindano zimeisha kabla ya uzi

Unataka kuanza kazi, unatafuta sindano namba 4, unakuta ziko kwenye sweta lenye mkono mmoja. Za namba 3 na nusu ziko kwenye skafu ya mtu aliyehamia Masasi. Kama umewahi kununua sindano mpya kwa sababu za zamani "ziko kazini", uzi sio ugonjwa wako. Ugonjwa wako ni mkono wa pili.

Tiba ni fupi. Kila kazi iliyoanzwa iulize: aliyekusudiwa bado inamtosha? Mtoto ambaye sweta lake lilianzwa akiwa tumboni na sasa anakwenda madrasa kwa miguu yake, kazi yake ifumuliwe leo. Uzi unarudi, sindano zinarudi. Iliyobakiza kushonwa pande tu, ishone kabla hujalala. Na mikono ya sweta, ifume yote miwili kwa pamoja kwenye sindano moja ndefu, kila mkono na donge lake. Inaisha kwa wakati mmoja na inalingana urefu.

Dalili: uzi unanuka, au una madoa meusi

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi hiyo ndiyo ya joto. Ukiongeza hewa ya bahari, kabati linageuka shamba la kuvu. Kuvu hustawi unyevu wa hewa unapopita takribani asilimia 70, na haihitaji maji yamwagike; hewa inatosha. Inakula pamba yenyewe. Akriliki haiwezi kuila, lakini inakula jasho la mikono, unga wa maandazi na uchafu mwingine uliobaki juu yake, matokeo kwa pua yako ni yaleyale.

Chanzo kinachoongoza ni upendo uliozidi: mtu anafunga uzi kwenye nailoni, anakaza fundo, anaweka nailoni nyingine juu, akidhani ameuhifadhi. Kama uzi ulikuwa na unyevu hata kidogo, ameufungia ndani pamoja na kuvu. Ndoo yenye mfuniko inafaa, ila uzi uingie mkavu kabisa, uanikwe kwanza kivulini penye upepo siku ya kusi, na ndani utupie vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Mkaa nao hunyonya unyevu, lakini uufunge kwenye kitambaa mara mbili. Mkaa na uzi mweupe havijawahi kuwa marafiki. Salfeti isiyofungwa kabisa, ikining'inizwa juu badala ya kulazwa kwenye sakafu ya saruji, ni bora kuliko nailoni ghali. Saruji hupandisha unyevu kutoka ardhini, na donge la chini kabisa ndilo litakalokuambia.

Ulionuka tayari, ukung'ute nje, uufungue kutoka kwenye donge uwe mzunguko mrefu uliofungwa sehemu nne kwa vipande vya uzi, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, usikamue kwa kusokota. Jua kali linaua kuvu lakini linapausha rangi, kwa hiyo mpe jua mweupe, mwekundu akae kivulini. Madoa meusi kwenye pamba nyeupe yanatoka kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa. Dawa hiyo isiguse sufu hata tone: klorini inaiyeyusha sufu.

Dalili: vishimo, na chenga kama mchanga chini ya uzi

Huyo ni nondo wa nguo, na anayekula ni kiwavi wake; kipepeo mwenyewe hali kitu, anapita tu kutaga. Chakula chake ni sufu, nywele na manyoya. Hapa ndipo jaribio la kiberiti linapolipa. Kama uzi wako ni akriliki na pamba safi, nondo hana la kufanya kwako, na vishimo unavyoviona vimefanywa na panya au mende. Tiba ya panya unaijua.

Tafadhali, kabla hujanunua vile vidonge vyeupe vya nafthalini, soma hapa mara mbili. Mvuke wake ni sumu, na una hatari ya pekee kwa watoto wachanga wenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi ambayo si adimu kwenye maeneo yenye malaria kama yetu: chembe zao nyekundu za damu hupasuka na mtoto hupata manjano. Sisi tunafumia watoto wachanga. Nafthalini isikae ndoo moja na uzi wao, wala na kofia iliyokwisha.

Sufu halisi yenye nondo inatibiwa kwa baridi. Ifunge kwenye nailoni mbili (hapa ndipo nailoni ina kazi yake), itie kwenye friza yenye nyuzi joto -18 kwa saa 72 au zaidi, kisha iache irudi joto la chumba kabla ya kufungua. Wengi wetu tutaomba nafasi kwenye friza ya jirani anayeuza samaki. Nailoni iwe mbili kweli. Kofia ya mtoto inayonuka changu haina mnunuzi hata Mikindani.

Dalili: uzi umejivuruga, hauna mwanzo wala mwisho

Usivute. Fundo hukazwa na yule anayelifungua. Lilaze tambarare, lipanue kwa vidole kutoka katikati kwenda nje, litikise kidogo, na ukiipata ncha usikimbilie kuizungusha; legeza kwanza, ndipo uipitishe. Redio iwepo. Pakishindikana kata, maana uzi wa bei ya kawaida hauzidi thamani ya mchana wako, na mabaki tumeshasema yanakwenda wapi.

Unapozungusha donge jipya, zungusha juu ya vidole viwili vyako na baadaye uvichomoe, ili uzi ulale umelegea. Sufu iliyokazwa miezi mingi hupoteza mnyumbuliko, na sweta linakuja kujilegeza kwa mteja.

Dalili: hununui, lakini unaongezeka

Huyu mgonjwa ndiye ninayemhurumia. Amejulikana mtaani kuwa anafuma, basi kila mtu anamletea. Wifi karudi Dar na mfuko: "Nikasema huu lazima nikuletee." Bibi wa Chikongola kaacha kufuma kwa sababu ya macho, karithisha kikapu. Na lipo bomba kubwa zaidi, mitumba. Masweta ya mitumba Mtwara ni bei ya chini kwa sababu hakuna wa kuyavaa, na kwa macho ya mfumaji kila sweta pale ni uzi uliosahaulika katika umbo la nguo.

Tatizo haliko kwenye kununua sweta la kufumua, liko kwenye kulinunua bila kuligeuza. Geuza ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Ukiona vitanzi vya ukingoni vimefungwa vizuri, kila upande umefumwa kwa umbo lake, nunua. Uzi utatoka mrefu. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa cherehani ya ovaloku, acha. Kila mstari wa sweta hilo ni kipande cha peke yake, utapata vipande vya urefu wa mkono, mamia. Sweta la sufu lililorudi mpaka likawa kama blanketi gumu nalo acha: nyuzi zake zimeshikana, hazifumuki. Na masweta membamba ya mashine hutoa uzi mwembamba mno, kwa hiyo hesabu kwamba utaunganisha nyuzi mbili au tatu pamoja.

Nyumbani, fumua mshono kwanza, kisha anzia juu, upande wa shingo na mabega, kwani mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka, kisha ning'iniza na kitu kizito kidogo chini. Sufu inanyooka vizuri. Akriliki inabaki na mawimbi kidogo, na usijaribu kuyaondoa kwa pasi ya moto, utabaki na uzi uliolegea milele.

Sheria ninayoitetea: sweta la mitumba ambalo halijafumuliwa mpaka mwisho wa mwezi linarudi mnadani. Wanaoleta zawadi wapokee kwa shukrani na hapohapo wapimie kofia ya mtoto wao. Wengine watapunguza kuleta.

Dalili: unauficha

Mume anauliza, "Mama watoto, huu ni mpya?" Unajibu, "Huu? Wa siku nyingi." Jibu ni la kweli ikiwa unahesabu tangu Jumatatu. Lakini kuficha kuna gharama ya kifundi: uzi uliofichwa haupigwi upepo (rudi kwenye kuvu), lebo zake hutupwa ili bei isionekane (rudi kwenye loti), na wewe mwenyewe unausahau na kuununua tena.

Chanzo huwa ni kununua nje ya msimu wa fedha. Mtwara fedha ina majira. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yakiingia watu wanaagiza: vitambaa vya makochi, sweta za watoto, mapambo ya harusi. Nunua uzi baada ya kupokea malipo ya awali ya agizo, na daftari liandike uzi umeingia kwa ajili ya nani. Donge lisilo na jina la mtu kwenye daftari halina ruhusa ya kuvuka mlango. Hapo utaweza kumjibu mume bila kutazama dari.

Mzigo wa masweta ya wakubwa usiusubirishe Mtwara mjini. Uwahi kuufuma kabla ya Juni na uupeleke Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako kipupwe kinauma na mtu akisimama Shimo la Mungu alfajiri anajua sweta lina kazi gani. Nenda na mengi ya rangi za giza. Vumbi la barabara ni jekundu.

Uzi utakaobaki baada ya haya yote, usio na mteja, msimu wala loti, ufunge kwa vifungu vya nusu kilo na uuze kwa wanaoanza kujifunza, au ujazie mito. Ukikutana na mfumaji mwenzako mwenye shida kama yako, uzianeni kwa fedha taslimu. Mkikubali kubadilishana, kila mmoja atarudi kwake na kilo zilezile, rangi tofauti, na furaha ya aliyetoka dukani.